Kirusi kwa Herufi Zetu

Baba alipoanguka alikuwa ananyoa ndevu. Mama alisikia kikombe kikigonga sakafu, akadhani ni paka, akaendelea na mchele wake mpaka alipoona maji yenye povu yakipita chini ya mlango. Mimi nilikuwa Kimanga, kwenye chumba changu cha fotokopi na kupigia watu barua kwenye mashine. Nilipofika nyumbani kwetu Kilibula, hapa hapa Uvira, majirani walikuwa wamekwisha kumpakia kwenye gari.

Hospitalini walituambia ni mshipa wa kichwa. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelala. Mdomo nao ulikuwa umevutwa upande, na kwa siku za kwanza hakutoa neno. Tukazoea kumsemesha bila kutarajia jibu. Kisha asubuhi moja Mama alikuwa anamlisha uji, Baba akasukuma kijiko kwa ulimi, akasema. Hakuguna, wala hakubwabwaja. Alisema maneno yenye mwanzo na mwisho, kwa sauti yake ileile ya kuulizia chakula. Hatukuelewa hata moja.

Mama aliweka bakuli chini. "Kifuliiru ya kwao hapana, Kifaransa hapana," akasema. "Iko nasema luga gani?"

Daktari, kijana mpole ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, alituambia kwamba ugonjwa ule ukipita kichwani mwa mtu aliyejua lugha nyingi, unaweza kuzifunga zote na kuiacha moja. Hakujua ni ipi. Hakuwa na nafasi ya kukaa nasi pia, kwa sababu vita vilikuwa vimeshuka bonde la Ruzizi na majeruhi walikuwa wanaletwa kila saa. Waliomba wenye nyumba karibu warudishe wagonjwa wao. Tukamrudisha Baba.

Kabla hatujajua ni lugha gani, watu wa maombi walikuja. Mama ni wa kanisa, na habari ilikuwa imesambaa kwamba mzee wa Kilibula ananena kwa lugha. Mwanamke mmoja mwombezi akafumba macho, akamshika Baba kichwani, na kila Baba aliposema, yeye akafasiri: Bwana anasema mji utapona, Bwana anasema msikimbie. Nilimwona Mama akilegea mabega kwa mara ya kwanza tangu Baba aanguke. Lakini mimi nilikuwa namtazama Baba. Alikuwa anahamisha macho kutoka uso mmoja kwenda mwingine, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto na wale wa upande wa pili wanampungia mkono tu. Halafu akanyoosha kidole cha mkono mzima kuelekea dumu la maji. Nikamchotea. Alipomaliza kunywa alinitazama, akasema, "Spasiba."

Neno hilo nililijua. Nililisikia utotoni, Jumapili, kutoka kwa rafiki yake wa Bujumbura.

Baba alisoma kilimo kwa Warusi, zamani, alipokuwa kijana. Alipata nafasi kupitia Bujumbura, maana kwetu siku zile kusema unakwenda kwa Warusi halikuwa jambo la kutangaza. Aliporudi aliitwa ofisini kwa watu wa usalama mara nyingi, akaulizwa alifundishwa nini huko zaidi ya kilimo. Tangu hapo akaifunga lugha ile mdomoni. Hakutufundisha hata salamu. Ila rafiki yake huyo, Mrundi waliyelala naye chumba kimoja miaka yote ya masomo, alipokuwa akivuka mpaka kuja kututembelea, walikaa nyuma ya nyumba na kuongea Kirusi kwa sauti ndogo, wakicheka. Mama akiwapelekea chai, yule rafiki alikuwa akisema "spasiba", naye Mama akijibu "karibu".

Kwa hiyo nilikuwa na mtu mmoja duniani wa kunifasiria baba yangu, naye alikuwa ng'ambo, mpaka umefungwa. Intaneti ilikuwa imezimwa. Mtandao wetu wa simu ulikuwa unakuja na kuondoka. Wengi wetu Uvira tuna laini ya Burundi pia, nayo hushika ukishuka mpaka ufukoni. Nilishuka, nikawakuta watu wengine wamesimama kwenye mchanga kila mmoja amenyanyua simu yake, nikapiga. Sauti ya mzee yule wa Bujumbura ilikuja vipande vipande. Alielewa tu kwamba rafiki yake ni mgonjwa, ikakatika. Nilipojaribu tena haikukubali. Lakini ujumbe wa maandishi ulipita. Akajibu kwamba simu yake ni ya vitufe, haina sauti za kutuma wala herufi za Kirusi. "Andika kwa herufi zetu vile unamusikia," akasema. "Minye nitajaribu kusoma."

Kazi yangu ni kuandika maneno ya watu wengine. Nimeandika barua za wajane, maombi ya kazi, malalamiko ya mipaka ya mashamba. Nilidhani hii nayo nitaiweza. Nikakaa kando ya kitanda na simu mkononi, Baba akasema, nikaandika. Kiswahili kinakudanganya kwamba kila sauti ina herufi yake. Baba alikuwa na sauti kama i iliyomezwa, ambayo sikujua niiweke wapi. Alikuwa na maneno yanayoanza kwa sauti tatu ngumu bila irabu kati yake, kama mawe matatu mdomoni. Nilipomwomba aseme tena, alikasirika, akasema haraka zaidi. Nikaandika nilichoweza, nikashuka ziwani, nikatuma, nikangoja.

Jibu la kwanza lililonifikia kamili lilikuwa hili: "Anataka ubao. Ubao gani?"

Tulitafuta ubao. Mama alikumbuka kwamba zamani Baba alikuwa akilalamikia mgongo, tukasema labda anataka kulalia kitu kigumu. Tukamwomba jirani fundi kipande cha mbao, tukamwinua Baba, tukakiweka chini ya godoro. Alilia kwa maumivu wakati tunamgeuza. Tulipomlaza tena alinitazama na kusema neno lilelile, na safari hii akanishika kifundo cha mkono. Nikashuka kumwandikia mzee kwamba ubao tumeweka na bado anasema "dochka".

Alichelewa kujibu. Kisha akauliza: "Hiyo ch yako ni ya Kifaransa ao ya Kiswahili?"

Nikamjibu ni ya Kiswahili, kama kwenye chai.

"Basi pole. Minye nilisoma kama Mufaransa, nikapata doshka, nikasema ni doska, ubao. Kumbe ni dochka. Ni binti. Anakuita weye, binti yangu."

Nilisimama pale mchangani na simu, watu wakinipita. Nilitamani kurudi mbio kuitika. Tulikuwa tumemgeuza kama gunia, tumemliza, naye alikuwa ananiita tu.

Baada ya hapo tulikubaliana: yeye atasoma kwa Kiswahili, na atakachoniandikia atakiandika kwa Kiswahili, u iwe u na sh iwe sh. Haikutosha. Siku nyingine Baba alisema "pisat", akarudia, akarudia, akichezesha mkono wa kushoto. Mzee alijibu kwamba ni kuandika. Mama akafurahi, akaleta kalamu na karatasi, akaweka kitabu chini ili karatasi isikunjike, akamfungia Baba vidole kwenye kalamu. Baba aliitupa. Tukamrudishia, akaitupa tena, na uso wake ukawa wa mtu anayefedheheshwa. Ndipo tukaona shuka limelowa. Mzee alipopata habari hiyo aliandika kwamba neno hilo ni mawili; ukikaza mbele ni kukojoa, ukikaza nyuma ni kuandika, na hilo la kukojoa ni neno la watoto, labda ndilo lililobaki kichwani. Herufi zangu hazikuwa na mahali pa kuonyesha mtu amekaza wapi. Aliniomba radhi kana kwamba kosa ni lake.

Mama aliosha shuka. Alipomaliza akaniuliza, "Mbele ni mukojo?" Nikamwambia ndiyo. Akairudia chini chini, akikaza mbele, mpaka ikakaa. Kuanzia hapo hakuchelewa tena.

Mama alisoma Biblia ya Kiswahili tu maisha yake yote, wala hana shule nyingine. Aliniomba nimwandikie ukutani kwa chaki yale machache tuliyokuwa na hakika nayo: vada ni maji, bolna ni inauma, holadna ni baridi. Hilo la baridi lilimshinda kuliko yote. Jua la Uvira lilikuwa linachoma mabati, Baba anatoka jasho, na anasema baridi. Mama alimfunika blanketi, akamfunika na koti lake la mvua, na bado Baba akasema "holadna". Mama akaketi kitandani na kumkumbatia kupitia zile nguo zote, akanitazama kama mtu anayeomba ruhusa ya kuacha.

Lakini lililotumaliza lilikuwa neno jingine. Alikuwa akilisema kila asubuhi anapofumbua macho, akilisema wakati wa kula, akilisema akiwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mkono wa kushoto kama anayetaka kushuka: "Hachu da moi."

Niliandika hivyo, kwa vipande vitatu. Mzee alijibu kwamba anasema nataka, ndiyo, wangu. Wangu nani, wako nani, sikuelewa. Mama akauliza kwa sauti kavu kama labda kuna mtu aliyeachwa huko kwa Warusi. Nilirudi kumsikiliza Baba, nikaweka sikio karibu na mdomo wake, nikagundua hakuna nafasi katikati. Ni pumzi moja. Nikatuma tena nimeunganisha: damoi.

"Sasa nimesikia," mzee akajibu. "Nyumbani. Anataka kurudi nyumbani."

Nilipomweleza Mama, alitazama chumba kizima, kabati, picha ya harusi yao, pazia alilolishona mwenyewe. "Hapa ni wapi?" akauliza. Kisha akajijibu. Baba alizaliwa Nyakabere, bondeni. Mashamba yake ya mpunga yako kule, na kaburi la mama yake. Kila alipotaka kupumzika alikuwa akienda kule, akirudi na matope miguuni na uso umefunguka.

Bonde lilikuwa kwenye vita. Kila siku watu wa vijiji vile walikuwa wanaingia Uvira na magodoro vichwani. Lakini mtu akisikia ombi moja mfululizo, akalielewa baada ya kuhangaika nalo kiasi kile, hana tena akili ya kulikataa. Nilimtafuta mwenye gari aliyekubali kujaribu. Tulimlaza Baba kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Mama. Alipoona tunatoka mjini na milima iko upande wa kushoto, alitulia. Alitazama nje. Nilimwona akisogeza midomo na nikadhani, Mungu nisamehe, kwamba tumeweza.

Kadiri tulivyokwenda ndivyo barabara ilivyojaa watu wanaokuja upande wetu. Mbuzi, baiskeli zenye masufuria, mwanamke aliyebeba mlango. Kwenye kizuizi, askari aliinama dirishani, akamwona Baba, akaniambia kwa upole kwamba hakuna anayepita na kwamba hata yeye hajui atakuwa pale mpaka lini. Nilimweleza kuhusu baba yangu. Nilimweleza mambo mengi mno. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mama, mugeuze gari. Muzee atakufia mu njia."

Dereva akageuza. Milima ikaja upande wa kulia. Baba aliona. Alianza kusema "damoi, damoi", kisha akapiga kioo kwa kiganja cha mkono wa kushoto, taratibu, njia nzima, na Mama hakumzuia. Watu wenye magodoro walitembea sambamba nasi kwa sababu gari halikuweza kwenda kasi, nao walimtazama mzee anayegonga kioo, wakageuza macho.

Nilimwandikia mzee wa Bujumbura habari ile. Alijibu kwa jumbe nyingi zilizofika bila mpangilio, nikazipanga mwenyewe. Alisema labda Nyakabere siyo. Alisema walipokuwa wanafunzi, majira ya theluji, jua likizama mchana, wao wawili walikuwa wanakaa kitandani na makoti yao na kuambiana kila siku neno lile, hachu damoi, kwa Kirusi, kwa sababu ukilisema kwa lugha ya kwenu unalia, na kwa lugha ya kigeni unaweza kucheka. Alisema labda rafiki yake yuko kule sasa, kwenye chumba kile, ana baridi, na nyumbani anakotaka ni huku huku. "Labda iko kwake na hajue kama iko kwake," aliandika. Akanipa maneno ya kumuuliza: kuda damoi, nyumbani wapi. Na mengine mawili ya Mama: ya zdes, niko hapa.

Siku ile milio ya risasi ilikuwa inasikika kutoka mjini kwenyewe. Nilirudi nikikimbia kando ya kuta. Nilimwambia Mama maneno yake kwanza. Mdomo wake haukuweza zile konsonanti bila kuziwekea irabu, na Baba alikuwa ametazama ukuta. Mama akashika kidevu chake, akakigeuza, akasema, "Ya zidesi. Ya zidesi."

Baba alimtazama kwa muda mrefu. Sijui aliona nani. Lakini alisogeza mkono wa kushoto juu ya blanketi mpaka ukafika kwenye kitenge cha Mama, akaushikilia ukingo wake, na hakusema baridi.

Ndipo nikamuuliza swali langu. Kuda damoi? Alijibu. Alijibu kwa urefu, polepole, akipumzika na kuendelea, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Niliandika kila sauti bila kumkatiza, nikiacha nafasi pale alipovuta pumzi. Alipomaliza alionekana ameridhika. Alidhani nimeelewa.

Sikuweza kutuma. Vita viliingia mjini, na tulilala chini ya meza na Baba katikati yetu kwenye godoro. Milio ilipopungua nilishuka ziwani, laini ya Burundi nayo haikushika. Nilinyanyua simu mpaka mkono ukafa ganzi. Kesho yake nilishuka tena. Ujumbe ulikuwa palepale, na alama ndogo nyekundu ya kusema haujaondoka. Nyumbani Baba aliendelea kuniuliza kitu kwa macho, maana alikuwa amenielekeza, na mimi sikuwa nakwenda. Kisha akaacha kuuliza. Akaacha uji. Alifariki adhuhuri moja, Mama akiwa anamfuta shingo.

Tulimzika Uvira. Bondeni hakukuwa na njia.

Mtandao uliporudi, ulirudi na sauti pia, safi kabisa, kama dhihaka. Nilimpigia mzee. Alilia kwanza, nami nikangoja. Kisha nikamwambia nina maneno ya Baba, maneno mengi, na nitayasoma. Nilisoma. Nilijitahidi kusoma kama Baba alivyosema, nikasikia mwenyewe kwamba sipo hata karibu. Ilikuwa sauti yangu ikisoma silabi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Aliniomba nirudie. Nilirudia. Aliniomba nijaribu kukaza hapa, kisha pale.

"Mwanangu," akasema, "nasikia gide mama, mama iko wapi. Nasikia ni nada, usijisumbue, musijisumbue. Kuna neno ingine inafanana na maji, ao na kuongoza. Ile ingine yote, nikikuambia ni nini, nitakuwa nakudanganya."

Nilimsihi akisie. Nilimwambia sitamlaumu akikosea, kwamba hata kisio kitanitosha. Alikataa, kwa upole, mara zote nilizomwomba, na mwishowe nikaudhika na kukata simu. Baadaye nilimpigia tena kumshukuru. Lakini ujumbe ule sijaufuta. Kuna siku kule Kimanga, mteja akiwa amechelewa, naufungua na kuusoma kwa sauti, nikikaza mbele, nikikaza nyuma, nikiunganisha nilichotenganisha. Haufunguki. Niliandika kila kitu na sikuandika chochote.

Mama alikuwa anakunja mashati ya Baba, yale ya kumpelekea ndugu, niliporudi kumweleza alichosema mzee. Nilimwambia Baba alisema tusijisumbue, na aliuliza mama yake yuko wapi. Mama alilaza mikono ya shati nyuma, akaikunja, akaifungua tena.

"Mama yake hakujua Kifaransa, hakujua ata Kiswahili," akasema. "Iko Kifuliiru tu alikuwa anajua. Sasa kule mbinguni, bataongea luga gani?"

Nikachukua shati jingine, tukaendelea kukunja.